Kikao cha Dharura cha Umoja wa Wakulima wa Bondeni: Tela Lililopinduka kwenye Mteremko wa Newala

TAREHE: Jumamosi, 9 Novemba 2024
MAHALI: Uwani kwa Mweka Hazina, Lulindi, trekta na tela vilipoegeshwa

WALIOHUDHURIA:
Bw. Bartholomayo (Baba Anjelina) – Mwenyekiti
Bi. Zena Alfani – Katibu
Bw. Husseni – Mweka Hazina
Bi. Cecilia (Mama Loveness) – Mjumbe
Bw. Faridi – Mjumbe
Bw. Sultani – Dereva wa trekta (mwalikwa)

HAKUHUDHURIA: Bw. Silvano – Mjumbe. Yuko Nanganga kwenye harusi ya shemeji yake, na alituma salamu kwamba anakula vizuri.

KUMB. NA. 1/11/2024: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:20 alasiri. Aliwaomba wajumbe wawe wafupi, kisha akaeleza kwa kirefu umuhimu wa kuwa mfupi.

KUMB. NA. 2/11/2024: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Mwenyekiti alipinga neno "alifoka" katika ukurasa wa pili, akataka liandikwe "alisisitiza". Katibu alijibu kwamba anajua tofauti ya maneno hayo mawili, na kwamba siku ile majirani wawili walikuja kuuliza kuna nini. Wajumbe walikubaliana liandikwe "alisisitiza kwa sauti kubwa".

KUMB. NA. 3/11/2024: AJALI YA TELA
3.1 Mwenyekiti alieleza kwamba siku ya Jumatano trekta la Umoja lilikuwa likishuka kutoka Newala na korosho za wanachama wenye mashamba juu uwandani. Katikati ya mteremko tela lilianza kuyumba huku na huku, likalisukuma trekta, likajikunja na kupindukia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Mama Loveness, aliyekuwa amepanda juu ya mzigo, alikutwa kwenye majani amekalia gunia, akiuliza la kwake liko wapi.

3.2 Bw. Sultani alipopewa nafasi alianza kwa kumwambia Mwenyekiti shikamoo. Mwenyekiti aliitikia marahaba, kisha akapendekeza aachishwe kazi. Alisema dereva alitoa gia ili trekta lishuke bure kwa kuokoa mafuta, na kwamba hata mtoto anajua tela lenye mzigo haliachiwi hivyo mlimani.

3.3 Mweka Hazina aliunga mkono, ila yeye alidhani kosa ni mwendo. Bw. Faridi alidhani ni pini ya kuunganishia. Pini ililetwa, ikapita mkono kwa mkono, ikaonekana nzima.

3.4 Bw. Sultani alikana kutoa gia. Alisema alishuka na gia ya pili tangu juu, lakini trekta lilikuwa jepesi nyuma, akikanyaga breki halishiki. Aliomba ifahamike kwamba yeye hana mkorosho hata mmoja. Trekta ndilo shamba lake, na akiondolewa sasa msimu mzima umempita.

3.5 Mama Loveness alisema kwamba kutoka juu ya mzigo aliona matairi ya nyuma ya trekta yakirukaruka, kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto. Mwenyekiti alisema hayo ni macho ya mtu mwenye hofu. Mama Loveness alimjibu kwamba hofu ilikuja baadaye, alipokuwa hewani.

3.6 Katibu alisema katika nchi hii ajali ikitokea, dereva ndiye ripoti nzima. Hatuulizi barabara, hatuulizi chombo, wala nani alipakia na kwa amri ya nani. Tunatafuta mtu mmoja asiye na mtetezi, tunamtwisha lawama, halafu tunakwenda kula. Aliendelea hivyo kwa muda. Aliombwa apunguze hotuba, akapunguza, akauliza swali moja: Jumatano mzigo ulipangwaje?

3.7 Bw. Faridi ndiye aliyesema wazi kwamba kila mwanachama hupigania magunia yake yapakiwe mwisho, nyuma kabisa, mahali tunapopaita mlangoni. Tela likifika ghalani mlango hufunguliwa nyuma, na gunia la mlangoni ndilo hupimwa kwanza. Aliye mbele hungoja mpaka jioni. Nafasi bora ya mlangoni huachiwa Mwenyekiti kwa heshima, naye ndiye mwenye magunia mengi na mazito kuliko wote. Jumatano, mbele ya tela kulikuwa na mikeka na matenga ya kuku tu.

3.8 Bw. Sultani aliulizwa kwa nini alikubali kuondoka hivyo. Alijibu: "Wazee wakisema weka hapa, naweka. Nani aliwahi kunipa ruhusa ya kusema hapana?"

3.9 Mwenyekiti alisema mzigo ni mzigo, ukae mbele ukae nyuma uzito ni uleule. Bw. Faridi alipendekeza jambo hili lipimwe badala ya kubishaniwa, kwa kuwa tela lipo na magunia yaliyookolewa yapo.

KUMB. NA. 4/11/2024: JARIBIO UWANI
4.1 Kikao kilihamia kwenye tela, ambalo ni la magurudumu mawili na lilikuwa limefunguliwa kutoka kwenye trekta. Magunia ya Mwenyekiti yalianza kupakiwa mlangoni. Shingo ya tela, yaani chuma cha mbele kinachounganishwa na trekta, ilianza kunyanyuka. Mwenyekiti alisema hilo si ushahidi, kwa sababu barabarani shingo hushikwa na trekta. Katibu aliuliza nani atakuwa trekta.

4.2 Mwenyekiti, akiwa ndiye mwenye mwili mkubwa kuliko wajumbe wote, aliikalia shingo yeye mwenyewe na kuagiza waendelee kupakia. Waliendelea. Miguu yake iliacha ardhi, mkia wa tela ukagusa chini, na Mwenyekiti akabaki juu.

4.3 Mama Loveness alimuuliza: "Baba Anjelina, umetoa gia?"

4.4 Kikao kilisimama kwa muda kutokana na kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alicheka, ingawa baada ya wengine. Aliomba ashushwe. Katibu alishauri apewe kwanza nafasi ya kueleza anavyojisikia huko juu, na Mwenyekiti alieleza kwamba hana pa kukanyaga. Mweka Hazina alisema hivyo ndivyo trekta lilivyokuwa siku ya Jumatano. Mwenyekiti alishushwa.

KUMB. NA. 5/11/2024: MAAMUZI
5.1 Pendekezo la kumwachisha kazi Bw. Sultani liliondolewa na Mwenyekiti aliyelileta.

5.2 Magunia mazito yatapakiwa mbele kidogo ya magurudumu ya tela. Vitu vyepesi vitakaa mlangoni. Gia ndogo itaingizwa kabla ya mteremko kuanza. Hakuna mtu atakayepanda juu ya mzigo, na Mama Loveness aliunga mkono kabla hajaulizwa.

5.3 Ghalani magunia yote yatashushwa kwanza, ndipo yapimwe kwa zamu ya aliyewahi kuleta, si ya aliyekaa mlangoni. Mwenyekiti aliuliza heshima ya viongozi itawekwa wapi. Katibu alijibu kwamba heshima inayoning'inia kwenye mkia wa tela haifiki ghalani.

5.4 Bw. Sultani alikubali kuendelea kwa sharti moja: neno la mwisho la upakiaji liwe lake, awe anaambiwa na mzee au kijana. Wote walikubali kwa kunyoosha mikono. Mkono wa Mwenyekiti ulichelewa, lakini ulifika.

KUMB. NA. 6/11/2024: KUFUNGA KIKAO
Kwa kuwa korosho zilizookolewa zilitakiwa ghalani jioni hiyohiyo, Bw. Sultani aliunganisha tela na kuanza kupanga mzigo. Mwenyekiti alimwambia magunia yake ayaache palepale mlangoni yalipo, kwa leo tu, kwani ghala ni karibu na njia ni tambarare. Jibu linaandikwa kama lilivyotamkwa:

"Mbele, Baba Anjelina."

Mwenyekiti alilishika gunia la kwanza upande mmoja, Bw. Sultani upande wa pili. Kikao kilihesabiwa kuwa kimefungwa hapo, saa 11:40 jioni.

......................................
Bartholomayo, MWENYEKITI

......................................
Zena Alfani, KATIBU