Dada, Usimlaumu Sikuzani

Nzuguni, Dodoma
Jumatano, tarehe 11 Juni

Mpendwa dada Emiliana,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba Mama ameamka vizuri. Mpe salamu yangu ya Kigogo, mbukwenyi. Je, yale mazoezi ya vidole aliyofundishwa na nesi anaendelea nayo? Mwanao Elisha alinipitia Jumapili akanieleza kwamba sasa Mama anashika kikombe mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na kwamba mtu akitaka kumsaidia anamtolea macho. Nilicheka sana. Baadaye niliingia chumbani nikalia. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Joshua anakusalimu, ametoka kidogo kwenda kuangalia mizabibu yake, na mimi nimebaki peke yangu mezani na karatasi hii.

Najua utashangaa kuona bahasha wakati simu ipo. Nimekupigia mara nne tangu mwezi huu uanze, na mara zote nne nilikuwa nimekusudia kukwambia jambo moja. Mara zote nne tumeishia kuzungumza habari za karanga zako. Kwenye simu nikisikia unavuta pumzi tu, maneno yananitoroka. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Nakuomba uisome mwenyewe, uifikishe mwisho, hata kama katikati utataka kuichana.

Nianze mbali kidogo, maana jambo lenyewe halikuanza siku ile Mama alipoanguka. Unakumbuka mwaka jana nilikulalamikia kwamba moyo unanienda mbio na hospitali hawaoni kitu? Sikukueleza yote. Ukweli ni kwamba taarifa za habari zilikuwa zimenikalia kifuani. Ofisini masjala tuna redio, mkononi nina simu, nyumbani Joshua anawasha televisheni. Vita vya nchi ambazo hata sijui ziko upande gani, mafuriko, watoto waliopotea, ajali. Na tangu Elisha aanze kuendesha basi la Iringa, kila ajali iliyotajwa redioni niliiona ina sura yake. Nilikuwa naweza kufungua simu nikiwa nasubiri chai ichemke, nikashtukia sufuria imeungua.

Nilimwendea Mchungaji Sila nikamweleza. Hakunicheka. Aliniambia nisiguse simu asubuhi kabla sijasoma Zaburi moja, niisome taratibu kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Kisha kila habari iliyonielemea niitaje mbele za Mungu mara moja, niiache hapo, niende kazini. Jioni nisikilize taarifa moja tu, basi. Alinionyesha pia mahali Paulo anapowaandikia Wafilipi wasijisumbue kwa neno lolote, bali haja zao zijulikane na Mungu. Dada, kwa miezi miwili nilipona. Nilikuwa nasimama mlangoni asubuhi, naona milima ile ya upande wa mashariki inapata rangi, na kifua changu kimetulia kama cha mtoto aliyeshiba.

Kosa langu lilianza pale nilipoanza kuusimulia uponyaji huo. Akina mama wa kanisani waliniomba niwasaidie na wao, maana wengi wana taabu ile ile. Nikafungua kundi la WhatsApp, tukaliita Madhabahu ya Asubuhi. Kila siku saa kumi na mbili na nusu nilikuwa natuma Zaburi na sala yangu ya sauti. Mwanzoni tulikuwa kumi na wawili. Walipofika mia moja na arobaini, wengine siwafahamu hata kwa sura, wakaanza kuniuliza kila siku: mama, leo tuombee nini? Ili niwajibu ikabidi nijue. Ili nijue ikabidi nifungue simu kwanza. Zaburi ikawa ya pili, baadaye ikawa ya haraka haraka, baadaye nikawa natuma ambayo sijaisoma. Nilikuwa naomba kwa majina: tumwombee fulani wa mtaa fulani ambaye nyumba yake imeungua, tumwombee binti wa fulani aliyekimbiwa na mume. Watu walinisifu kwamba Roho ananifunulia mambo mapema. Sikuwakatalia. Joshua aliwahi kuniuliza, "Mama, hii ni sala au ni taarifa ya habari?" Nilimnunia siku mbili.

Sasa turudi kwenye siku ile ya mwezi wa tano. Wewe uliniambia yalivyokuwa. Kwamba ulikuwa kisimani. Kwamba Mama alikuwa uani anaanika mlenda, na Sikuzani jirani yenu akaingia analia, amejifunga kanga kiunoni, akamkumbatia Mama na kumwambia pole kwa msiba wa Elisha, basi limeanguka huko Mtera. Kwamba Mama aliuliza "Elisha yupi?" mara mbili, na mara ya tatu mdomo ukakataa, akaanguka juu ya mlenda wake. Kwamba wakati mnampakia kwenye bajaji kumpeleka hospitali, simu yako ikalia na alikuwa Elisha mwenyewe, mzima, anauliza kwa nini watu wote wanampigia. Simu yake ilikuwa imezimika chaji tangu usiku. Lililoanguka Mtera halikuwa basi, lilikuwa lori la vitunguu, na dereva wake alivunjika mguu tu.

Nilifika Mpwapwa mchana ule ule. Nilimkuta Mama na ule uso uliovutwa upande mmoja, na wewe umekaa kwenye baraza la wodi huna hata viatu. Ulinishika mkono ukaniambia, "Dorothea, kuna mtu ametuulia mama." Nikakujibu Mungu anamjua. Ndivyo nilivyokujibu, dada. Kesho yake Sikuzani alikuja na chupa ya uji. Ukasimama ukamwambia mbele ya wagonjwa wote, "Umekuja kuangalia kama amekufa?" Alitaka kusema kitu. Alinitazama mimi kwanza. Kisha akaiweka ile chupa chini, taratibu, akaondoka. Mtu mliyekua naye tangu utotoni, aliyeshinda kwetu Krismasi na sisi kwao Idi, akatoka getini peke yake na mimi nimesimama nimeshika pindo la kitenge changu.

Jioni ile ukaniomba niongoze sala pembeni ya kitanda, kama kawaida yangu. Niliomba vizuri, nadhani unakumbuka. Nilimwomba Bwana aifunge midomo ya waenezao uongo, awaaibishe hadharani. Mkasema amina, na Mama naye akajaribu kusema amina ikatoka sauti nyingine. Sijawahi katika maisha yangu kutamani ardhi inimeze kama dakika ile, na bado nilimalizia na Baba Yetu bila kukosea neno.

Siku niliyoondoka nilimkuta Sikuzani stendi. Nadhani alinisubiri. Hakunisalimia kwa maneno, alinivuta nyuma ya kibanda cha tiketi, akatoa simu yake akaniwekea sikioni. Ilikuwa sala. Mwanamke anamshukuru Mungu kwa maisha ya mtoto wetu Elisha, dereva wa basi la Iringa, aliyetwaliwa asubuhi hii pale Mtera, anaomba faraja kwa mama yake Emiliana na bibi yake huko Mpwapwa. Sauti imetulia, imepangika, ya kupendeza kuisikiliza.

Ni sauti yangu, dada.

Ni mimi. Sikuzani hakutunga kitu. Aliletewa sauti ile na mwenzake wa sokoni, naye alitumiwa na mtu wa kanisani, na Sikuzani alinitambua kwenye neno la kwanza. Aliniambia, "Kama mama yake mdogo mwenyewe anasema mtoto amekufa, mimi ni nani nibishe? Nilikimbia kwenu kwa sababu ni kwetu." Nikamuuliza kwa nini hakukwambia, kwa nini alikubali kutukanwa mbele ya watu. Akasema, "Mama yenu ana watoto wawili tu waliobaki. Mkigombana sasa, atauguzwa na nani?" Akaifuta ile sauti mbele yangu, akasema yeye jambo hili hatalisema, ni langu mimi kulisema. Basi likapiga honi nikapanda. Hiyo ni wiki ya tano leo, na wiki zote tano yeye ndiye aliyebeba lawama.

Nikueleze ilivyokuwa asubuhi ile, maana ukinihukumu nataka unihukumu kwa haki. Niliona ujumbe kwamba kuna ajali Mtera, basi la Iringa. Nilimpigia Elisha mara mbili, hapatikani. Hofu yangu ilikuwa ya kweli. Lakini kabla sijalia, kabla sijamwamsha Joshua, nilibonyeza kitufe cha kurekodi. Kulikuwa na kitu ndani yangu kilichotaka kuwa cha kwanza kusema. Niliwaambia watu mia moja na arobaini kwamba mtoto wako amekufa, na wewe uliyemzaa sikukupigia. Elisha aliponipigia baada ya saa moja hivi, niliifuta sauti kundini nikaandika kwamba Mungu ametenda, mtoto wetu yu hai. Wakaandika haleluya. Hakuna aliyeuliza nani alisema amekufa. Nilizipokea haleluya zao zote.

Wiki iliyopita nilimwendea Mchungaji Sila nikamwambia yote. Nilitegemea atanifariji. Yeye akasema kwamba Mungu ameshasikia na hana haja ya kusikia tena, ambaye hajasikia ni dada yangu. Akaongeza kwamba niliowadanganya nao wana haki ya kujua. Jumapili baada ya matangazo nilisimama mbele ya kanisa nikasema: sala ile ya Elisha ilikuwa uongo, niliituma mimi, na mama yangu ameanguka kwa sababu yake. Wengine walilia. Mmoja wa akina mama alinyanyuka akatoka nje, na sikumlaumu. Kundi nimelifunga.

Sasa nimerudi kwenye yale niliyoelekezwa mwanzo. Simu inalala kwenye kabati la vyombo, asubuhi nasoma Zaburi moja. Kwa siku tisa sasa ni ile ile, ya mia na arobaini na moja, pale mwandishi anapoomba kinywa chake kiwekewe mlinzi. Nikishindwa kuendelea nafunga kitabu nakaa kimya. Siombi tena kwa maelezo marefu. Taarifa tunasikiliza moja, jioni, mimi na Joshua, naye akizima redio tunaomba kwa ufupi. Sitaki nikudanganye kwamba nimepona. Jana mkono ulikwenda kabatini wenyewe, nikaukuta umeshika mlango.

Dada, sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba jambo moja tu, usilicheleweshe: nenda kwa Sikuzani. Usinisubiri mimi. Mwambie umejua, na mwambie umejua kutoka kwangu. Mimi nitapanda basi la kwanza Jumamosi. Kama hutaki niingie uani kwako nitaelewa, nitakaa nje mpaka utakapotaka kuniona. Ila Mama nataka nimwambie mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti pale anaponiona vizuri, upande wake wa kushoto. Ninachoogopa si kwamba atakasirika. Naogopa ataniwekea mkono kichwani kabla sijamaliza.

Msalimie shemeji, na Elisha akipita hapo mwambie mama yake mdogo alimwonea haya Jumapili ndiyo maana hakumtazama usoni. Wasalimie majirani wote. Sikuzani usimsalimie kwa niaba yangu, huyo nitamwendea mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Dorothea