Wafu Wanaopanga Foleni Mchana

...na ndiyo sababu nilimnyang'anya kaka yako zile karatasi, Akai, mbele ya mume wangu na wateja wake wa chai.

Ndiyo, mume wangu! Nimeolewa, rafiki yangu. Anaitwa Deng, Msudani, ana kibanda cha chai hapa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na akicheka mimi husahau nilikuwa nasema nini. Ungempenda. Nakukasirikia kwa kufa na malaria yako kabla hujamwona.

Lakini hasira yangu kubwa ni ya riwaya yako. Mhariri wa Nairobi amekubali kuichapa, ila sharti wafu watolewe. Eti nchi imekwisha, mvua imekoma na mtawala amejifungia ndani ya jumba, hadithi inatosha hapo. Mizimu mlangoni ni mambo ya Wazungu na majumba yao ya ukungu. Ukungu! Jumba la riwaya yako liko Lodwar. Wafu wako wanapanga foleni saa sita, jua la utosini, kila mmoja na bakuli lake. Mzungu gani alikufundisha hilo? Babu yangu hakupita kaburi la baba yake bila kuliwekea tumbaku. Leo tunaambiwa tunaiga.

Kaka yako Lokwang alikuja kibandani nimpigie taipu nakala mpya isiyo na wafu. Nilikataa. Akaniambia, "Dada, Akai amekufa hana kitabu. Mimi nataka awe nacho." Iliniuma, maana alisema kwa upendo.

Deng akaomba nimsomee ile sura ya foleni. Nilifika pale mama anapomsogeza mwanawe aliyekufa ili asipoteze nafasi. Deng aliacha chai ikachemka hadi ikamwagikia makaa. "Huyu msichana alitembea na sisi kutoka Sudan?" akauliza. Nikamwambia hukuwahi kufika hata Lokichoggio, mpakani.

Ndipo nikamgeukia Lokwang. "Ukiwatoa wafu, dada yako naye unamtoa." Nikazichukua karatasi mikononi mwake. Akamaliza chai yake, akaondoka.

Sasa naipiga taipu yote, vilevile ulivyoiandika, nikitoka kazini parokiani. Mhariri huyo akikataa, tutatafuta mwingine.

Pumzika, Akai wangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Lodwar, mimi na Deng, tukae nawe hapo kaburini nikusomee. Nimemwita na Lokwang. Asipokuja, nitamfuata nyumbani kwake nimlete kwa mkono.