Nauli ya Siri

Homa Bay, 10 Februari 2025

Kaka Zablon,

Salamu kutoka huku ziwani. Sisi ni wazima, joto tu ndilo linalotuonea. Wewe na wifi yangu Liz mko salama? Mwanenu Bravin bado anakataa mboga? Na kile kikohozi cha Krismasi kimekwisha?

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu yako imetekwa na Bravin. Bahasha nimempa dereva wa gari la Migori, ataiacha kwenye duka lako la vitabu.

Nimepata kazi kwenye utafiti wa tabia na afya mijini. Tunataka kujua kwa nini wagonjwa wa kifua kikuu wa mtaa wa chini, karibu na soko la samaki, huacha dawa katikati, na wale wa nyumba za kilimani humaliza. Dawa ni ile ile, tena ya bure. Mkubwa wangu anadhani watu wa chini husahau, kwa hiyo tuwatumie ujumbe wa kuwakumbusha. Unaonaje? Najua utatukana, lakini tukana kwa hoja.

Dada yako,
Phelesia


Migori, 17 Februari 2025

Nyaminwa Phelesia, dada yangu,

Hatujambo. Bravin sasa amehamia kukataa maharagwe. Kikohozi ni vumbi la vitabu vyangu, achana nacho.

Eti wanasahau. Mwanamke anayekumbuka kila mteja anapenda samaki wake akauke kiasi gani, asahau kidonge? Maskini wa nchi hii amechunguzwa mpaka amebaki mifupa. Ameulizwa ananawaje, anakulaje, analala na nani. Sijaona mtafiti akibisha hodi kwa mheshimiwa kumuuliza ni tabia gani iliyomfanya ajenge ukuta kabla maji ya bomba hayajafika mtaa wa chini. Kwani tabia ni ya maskini peke yake? Tajiri ana nini, desturi? Mnampima mtu urefu akiwa ndani ya shimo, kisha mnaandika kwamba ni mfupi.

Mwambie mkubwa wako hivyo. Ukiogopa, mpe barua hii.

Kaka yako,
Zablon


Homa Bay, 3 Machi 2025

Kaka Zablon,

Natumaini mmeamka vyema. Sikuogopa, nilimpa. Alicheka, akaomba nakala.

Nimezungumza na Mourine, anayekaanga samaki kando ya barabara ya soko. Aliniambia, "Madam, sikusahau. Nilikaa kwenye benchi yenu, wateja wangu wakipita na kuniona. Wiki hiyo samaki wangu walilala bila mnunuzi." Benchi la wagonjwa wa kifua liko nje ya kliniki ili wapate hewa, na linatazama barabara.

Wale wa kilimani humaliza kwa sababu hawakai hapo. Wanaenda Kisii au Migori, wasikojulikana. Na waliokaa kwenye benchi letu bila kuficha uso, ukisikiliza lafudhi yao, wametoka Rongo na huko kwenu.

Sasa sikiliza. Jana Liz alinipigia kunishukuru kwa kukupikia kila Alhamisi unapokuja huku kununua vitabu. Kaka, sijakuona tangu Krismasi. Sikumwambia kitu. Majina ya wagonjwa sifungui, si ruhusa yangu, na lako sitaki kulikuta kwa bahati. Kama ni mwanamke mwingine, niambie nikutukane. Kama ni kifua, niambie nikusaidie.

Dada yako,
Phelesia


Homa Bay, 24 Machi 2025

Kaka,

Hamjambo huko? Dereva anasema bahasha uliipokea kwa mkono wako mwenyewe. Hujawahi kukosa jibu tangu uzaliwe.

Kama ni kifua, dawa yako inakutibu wewe, haiwatibu Liz na Bravin. Lazima wapimwe. Nitasubiri mpaka Pasaka, kisha nitamwambia Liz kwamba hukuwahi kula kwangu.

Phelesia


Migori, 2 Aprili 2025

Nyaminwa,

Pole kwa kukunyamazia. Ni kifua. Nilianza dawa huko kwenu mwishoni mwa Januari. Nilitaja mtaa wako kuwa ndiko ninakoishi, ndiyo maana hakuna mhudumu aliyekuja hapa kuuliza nani analala chini ya paa langu. Nilijiona mwerevu. Watu wakisikia kifua, wanasikia na ule ugonjwa mwingine. Mzazi gani atamnunulia mtoto kitabu nilichokikoholea?

Alhamisi ya kwanza kwenye benchi lenu nilijifunika kwa gazeti. Kugeuza ukurasa, namwona Magige, yule muuza nyama wa mkabala na duka langu. Akasema, "Mzee, umeleta vitabu?" Nikamjibu, "Na wewe umeleta ng'ombe?" Tangu siku hiyo tunasafiri pamoja. Tukirudi Migori hatusalimiani.

Siri ina nauli. Mimi ninayo, Mourine hana. Niliyepiga kelele kuhusu shimo nilikuwa nimesimama ukingoni. Lakini usishangilie. Nani aliliweka benchi lile likitazama barabara? Si Mourine. Mkubwa wako aache kutuma ujumbe, akaligeuze.

Liz sijui nitamwanzaje.

Kaka yako,
Zablon


Migori, 11 Aprili 2025

Nyaminwa Phelesia,

Tu wazima, na safari hii sikudanganyi. Barua yako fupi nimeipata: benchi limegeuzwa, linatazama ukuta. Vizuri. Sasa pelekeni maji. Mourine amerudi kwenye dawa?

Nilimwambia Liz akiosha vyombo. Hakugeuka. Akasema, "Nilidhani ni mwanamke. Nilikuwa nimeshachagua maneno." Halafu akamwita Bravin avae viatu.

Tulienda kliniki ya hapa hapa, ile ya karibu na soko. Benchi lao linatazama stendi ya bodaboda, na vijana walitutazama mpaka wakachoka. Liz hana kitu. Bravin naye hana, lakini atameza dawa ya kinga, na anaikataa kama maharagwe.

Tulipokuwa tukingoja, Magige alitoka buchani, akasimama ng'ambo ya barabara. Alitutazama, kisha akavuka.

"Mzee, wewe hapa?"

"Mimi hapa."

Aliangalia stendi. Aliangalia bucha yake, wateja wawili mlangoni. Nikamsukuma Liz kidogo ili nafasi ipatikane, nikampigia Magige benchi kwa kiganja.

"Keti."

Alivua aproni kwanza, akaikunja damu ikabaki ndani, ndipo akaketi.

Kaka yako,
Zablon