Lebo za Baba

S.L.P. 118,
Nkubu, Meru.
9 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Kobia,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baridi ya huko Denmark imepungua? Mkeo Njoki aliniambia ulikohoa mwezi mzima, natumaini kifua kimepona. Na Tabby ameota meno mangapi sasa? Sisi tuko wazima. Mvua bado, lakini kahawa inajikaza.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa kaa chini. Nimeamua kuandika barua kwa sababu kwenye simu ukisikia sauti yangu imepanda unasema mtandao ni mbaya.

Nimesoma ile makala ya nyigu wapya uliyonitumia. Nilifurahi kuona jina lako chini ya la profesa wako. Kisha nikafika kwa yule nyigu wa hapa kwetu, mwenye tumbo la rangi ya chungwa na mkia mrefu kuliko mwili. Mkusanyaji: hajulikani. Kiwavi alikotoka: hajulikani. Mahali: Kenya. Ati lebo za awali hazikusomeka, zikaondolewa!

Hazikusomeka na nani, Kobia? Baba aliandika kwa Kimeru, kwa penseli, herufi moja moja, vile alivyofunzwa mpaka darasa la nne. Wazungu naweza kuwasamehe. Lakini wewe ulikuwa hapo mezani, wewe uliyebembelezwa na kuchapwa kwa Kimeru! Ulinyamaza kwa nini? Uliona aibu wajue ni mzee wa kahawa aliyewatangulia?

Aki nimekasirika mpaka chai hainishuki. Umesahau zile chupa za jam dirishani? Miaka sita Baba anaokota viwavi kwenye majani ya kahawa, anawalisha, anafunika chupa kwa kitambaa, anangoja aone kama atatoka kipepeo au nyigu aliyekuwa akimla kiwavi kutoka ndani. Mara tatu viwavi walikufa bure. Siku nyigu huyo alipotoka alinipigia simu nikiwa darasani, na watoto wote wakamsikia akishangilia. Profesa wako mwenyewe anasema kumjua kiwavi ndiyo kazi ngumu. Baba alimjua! Aliandika kiwavi gani, mti gani, siku gani, na jina lake, Mithika. Desemba ulibeba vyote, nyigu na lebo zake, kwenda huko kwa mikono yako.

Ulisema makala haijachapishwa, na marekebisho yanapokewa mpaka mwisho wa Aprili. Basi rekebisha. Nimetoa kopi ya daftari lake lote na kuitia humu. Wakikuambia haisomeki, wasomee.

Sikutaka Baba ajue, lakini aliuliza kila siku mpaka nikashindwa kuficha. Hakugomba. Jana aliniletea chupa mpya, akaniomba nimwandikie lebo kwa Kiingereza. Nikamuuliza niandike nani amekusanya. Akasema niweke jina lako, kwa sababu hilo wanaweza kulisoma.

Nimeandika Mithika.

Msalimie Njoki, na umbusu Tabby kwa niaba yangu. Mjomba Kiunga na mkewe Mukiri wanawasalimu sana. Mungu awalinde nyote, na wewe akufungue mdomo.

Dada yako akupendaye hata leo,
Lenah Nkirote