Atlasi Haikuibwa

Ndugu yangu Wafula,

Naandika nikiwa kitandani, utanisamehe mwandiko. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Tangu tukuzike, kule mtaani Satellite bado wapo wanaokutaja kama yule mlinzi aliyeiba kitabu, na mimi niko hapa Woodley, nimenyamaza.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, nawe ulikaa mlangoni pa maktaba yetu ya mjini, ukipekua mikoba ya kila anayetoka. "Dada Mwende, fungua. Hapa hata askofu anafungua." Nilikuwa nikicheka na kufungua.

Kisha ikaja wiki ya kuhesabu vitabu, na ile atlasi kubwa haikuonekana. Mkuu wetu Mzungu hakuuliza mara mbili. Kitu kizito hivyo, alisema, kingepita wapi kama si mlangoni? Ulinigeukia. "Dada, si uwaambie vile mimi hupekua?" Nikasema sijui mambo ya mlangoni. Ulivua koti la kazi, ukalikunja vizuri, ukaliacha kitini.

Wafula, atlasi haikuibwa. Mimi ndiye niliyeiteremsha ghalani nishone mgongo wake uliokuwa umebanduka. Nikaitwa juu, nikailaza kati ya majalada ya magazeti ya zamani, bila kuandika popote, nikasahau. Kitabu kikikaa rafu isiyo yake, kwetu wakutubi kimepotea. Niliikuta mwezi uliofuata. Nilikuwa nangoja kupandishwa cheo, niwe Mwafrika wa kwanza kusimamia idara ile. Nikairudisha mahali pake, nikaandika daftarini neno moja: imepatikana. Hakuna aliyeuliza ilikuwa wapi, wala aliyesema uitwe urudi kazini.

Hilo labda ningeweza kulieleza. Lakini siku ile nilipokukuta mtaani Spring Valley, ukibeba mawe ya kujengea nyumba za watu, uliweka jiwe chini ili unisalimie.

"Dada Mwende, kile kitabu kilipatikana?"

Nikasema, bado.

Ukatikisa kichwa. "Pole. Najua ulikipenda."

Cheo nilipata. Nilikaa nacho hadi nikastaafu. Wewe umekufa ukinihurumia.

Lala, ndugu yangu. Msamaha siombi, maana wa kunipa au kuninyima alikuwa ni wewe. Jumamosi binti yako Nekesa ataniletea uji, kama kila wiki tangu niugue. Ananiita mama. Nitamwambia yote kabla hajaketi, ili achague mwenyewe kama ataketi.

Mwende