Uzi wa Kioo Sebuleni

Jumatatu, 3 Juni
Daftari langu, hujambo? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Leo nimepepeta alizeti. Upepo mzuri. Anna kajifungia ndani na simu yake, uso umemshuka. Mwanangu kasomea uhasibu, kazi hana. Usaili uliopita ulikuwa wa video. Hapa Mwankoko mtandao wa simu ukakatika katikati ya jibu, waajiri wakamwacha. Mwingine ni Alhamisi. Nimesema basi, tuvute intaneti ya waya humu humu nyumbani.

Jumanne, 4 Juni
Fundi kaja. Nilitegemea mwanaume. Kumbe binti, Zuhura, kajifunga ushungi, ngazi begani. Kaniamkia shikamoo kabla ya kutua mzigo. Kazunguka nyumba, anapima. Kile kiboksi cha mtandao nilitaka kikae chumbani kwangu, nifunge kwa kufuli. Akasema, "Hapana mama. Sebuleni, katikati, kila chumba kipate." Tukakiweka juu ya stuli.

Ndani ya waya kuna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Kaunganisha vipande viwili, macho hayabanduki. Mimi nimebana pumzi. Mwanga unapita humo umebeba sura za watu! Mungu ni mkuu. Na akili aliyompa huyu mtoto, jamani.

Anna kacheka leo.

Jumatano, 5 Juni
Mtandao umekufa. Usaili kesho asubuhi. Anna analia chumbani. Nimepiga magoti jikoni, nimeomba. Tukampigia Zuhura. Kaja na bodaboda, jua kali. Kafika sebuleni, kasimama.

"Mama, hii sufuria?"

Nikamweleza. Makapi ya alizeti yanaingia dirishani. Halafu tetea langu limeona kiboksi kina joto, linataka kutagia pale. Nikakifunikia sufuria kubwa.

"Mama yangu! Umeuvundika mtandao kama ndizi!"

Kacheka mpaka kakaa chini. Nikacheka na mimi, aibu tele. Kumbe sufuria inazuia mawimbi. Alipoifunua tu, Anna akapiga kelele huko chumbani: "Umerudi!"

Hakunidharau hata kidogo. Kapigilia kibao juu ukutani, kakiweka kiboksi hapo, kuku hafiki. Nimempa mayai. Kakataa, nikamtilia kwenye mkoba kwa nguvu.

Alhamisi, 6 Juni
Sijapepeta. Kuku wote bandani. Nimekaa mlangoni kama askari. Anna anajibu, sauti haikatiki. Kiswahili cha ofisini, kimenyooka. Mwanangu huyo!

Jumapili, 23 Juni
Kanisani nimemwombea Zuhura. Ni Mwislamu, Mungu anamjua. Anna kapata kazi. Jana kapanda basi la Mwanza.

Nyumba kimya. Taa za kijani za kiboksi zinamemeta ukutani. Nimevuta kiti chini yake, nimeandika ujumbe wangu wa kwanza kwenye simu kwa mkono wangu, kidole kimoja. Mwanangu, hujambo? Mimi mzima, kuku pia. Umefika salama? Nijibu mapema.