Nimekula tonge lililoonjwa

Tamimu, acha kila unachofanya. Rafiki yako amekula udongo wenye mate ya mtu.

Unajua mama anafundisha darasa la kwanza hapa Makere. Leo kaniburuta nikamsaidie somo la kuhesabu kwa vitendo. Watoto wanafinyanga matonge ya ugali kwa udongo, wanamkaribisha mgeni huku wanahesabu. Mgeni ni mimi, mheshimiwa anayesubiri matokeo ya kidato cha nne.

Kuna katoto kanaitwa Veronica. Tangu shule ifunguliwe hakajasema neno. Leo kameniletea tonge, kakasema, "Moja."

Darasa zima likageuka.

Nikanyoosha mkono. Kumbe nimesahau, huku mwenyeji ndiye anayeonja kwanza, mgeni asidhani amewekewa sumu. Kakalitia mdomoni, kakalizungusha, kakalitoa linang'aa. "Karibu, mgeni."

Na kamasi zilikuwepo, Tamimu. Kamasi!

Mama akaninong'oneza, "William, ukikataa huyu atanyamaza mpaka Juni."

Nikala. "Mbili." Kakaonja. Nikala. Mate ya uvuguvugu, kaka. Mate!

Kwenye tonge la saba nikasita. Kakaanza kuinamisha kichwa. Nikameza haraka. Kalipofika kumi, mama akafuta machozi kwa kitenge.

Sasa hivi niko nyuma ya choo cha walimu, natema mchanga. Mama hajawafundisha zaidi ya kumi, lakini kamenifuata. Kamesimama mbele yangu, shavu limevimba, kanaonja.

"Kumi na moja, mgeni."